Tofali Moja, Ziraa Moja: Luanti kwa Watoto Tisa wa Mkomani

Nilianza kusomesha hesabu kwa gemu mwezi wa Januari, na sasa muhula wa pili umekwisha. Wazazi wamenisimamisha njiani, wengine kwa wema na wengine kwa hamaki, wakitaka kujua kitu chenyewe ni nini na mtoto anatoka na nini. Nimeona niandike kwa kirefu mara moja, ili mwalimu mwenzangu au mzazi wa Amu (Lamu), Malindi au popote pwani asome na aamue mwenyewe.

Nina tuisheni nyumbani kwetu Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Amu. Watoto ni tisa, wa Gredi ya 6 hadi ya 8, na hukutana siku tatu kwa wiki baada ya sala ya alasiri mpaka magharibi ikaribie. Tunakaa kwenye msana (ukumbi mrefu) wa chini, juu ya jamvi. Vifaa ni laptopu tatu za mitumba nilizonunua Mombasa kwa shilingi 17,500 kila moja, ruta kuukuu isiyo na intaneti, na simu yangu. Laptopu moja betri yake imekufa, haiwaki bila kuchomekwa. Stima ikipotea, watoto wake wanahamia kwa wenzao. Hukaa watatu kwa mashine moja: mmoja anashika mausi, mmoja anashika daftari na penseli, wa tatu ndiye anayeamuru lijengwe nini. Kila dakika 15 wanabadilishana. Mpango huo nilipaswa kuwa nao tangu mwanzo, maana wiki ya kwanza nzima iliishia kwenye ugomvi wa kugombea mausi.

Gemu yenyewe inaitwa Luanti. Aliyewahi kuiona Minecraft ataitambua papo hapo: ardhi, bahari, miti na mawe vyote vimekatwa kwa matofali ya mchemraba, tofali moja ni mita moja kila upande, na mchezaji anavunja hapa, anajenga pale. Ilianzishwa na Mfini, Perttu Ahola, mwaka 2010, na kwa miaka mingi ilijulikana kwa jina la Minetest. Jina la sasa limekuja Oktoba 2024. Wamelichanganya neno la Kifini luonti, yaani uumbaji, na Lua, lugha ya programu iliyozaliwa Brazil, ambayo ndiyo hutumika kuiongezea gemu mambo mapya. Ni ya bure. Haina tangazo, haina duka ndani yake, na inakwenda kwenye laptopu dhaifu kama hizi zangu bila kulalamika. Kubwa zaidi kwetu, haihitaji intaneti. Mashine moja inafungua dunia, nyingine zinaingia kupitia ruta, na watoto wote tisa wanajenga mahali pamoja.

Jambo la kujua mapema: ukiisakinisha yenyewe inakuja tupu. Lazima uchague gemu ya kuweka ndani. Mimi natumia ile iitwayo Minetest Game, kwa sababu haina mazimwi wala mtu wa kupigana naye. Mpwa wangu aliniletea yote kwenye flashi, na hayakufika hata megabaiti 100. Kabla ya kufungua dunia niliweka alama kwenye kisanduku cha ubunifu (Creative Mode), ili matofali yasiishe, na nikaondoa alama ya kuumia, ili mtoto akianguka kutoka darini asipoteze kazi yake.

Niliulizwa kwa nini sikuchukua Minecraft ya shule. Sina neno baya juu yake. Ilianza mwaka 2011 ikiitwa MinecraftEdu, kazi ya mwalimu wa New York, Joel Levin, akishirikiana na Wafini. Microsoft ikainunua 2016 na kutoa toleo lake la elimu mwaka huohuo. Ina masomo yaliyokwisha kuandaliwa, ina meza za kemia ambapo mtoto anaunda elementi kwa protoni na elektroni, ina roboti ndogo ya kuamrishwa kwa msimbo wa kompyuta. Mwalimu aliye kwenye shule yenye akaunti na leseni aitumie, tena asisite. Yangu ni tuisheni ya jamvini. Kuna pia ile ziara ya Misri ya kale ambayo Ubisoft waliitoa 2018, isiyo na vita, mtu anatembea tu akielezwa. Niliiona kwa rafiki na ni nzuri kwa macho, lakini inataka mashine yenye nguvu, na mtoto ndani yake ni mgeni. Mimi nilitaka watoto wajenge.

Siku ya kwanza sikusomesha kitu. Waliruka, wakachimba, wakamwaga maji, wakapanda miti juu ya miti. Siku ya pili nikawapa tepu ya fundi na kazi moja: pimeni nyumba hii tuliyomo, halafu ijengeni.

Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyingi za Mkomani, sehemu ya huu mji wa kale ambao UNESCO iliuandika kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Ina daka (ukumbi wa mlangoni), ina kiwanda (ua wa wazi), misana miwili, na ndani, chumba cha nyuma kabisa chenye zidaka (vishubaka vya ukutani). Watoto wanaingia humo kila wiki na hakuna aliyewahi kuitazama kama namba. Wakapima msana: urefu mita 7.3, upana mita 2.7. Unene wa ukuta, karibu nusu mita. Wakarudi kwenye mashine wakiwa na furaha, na hapo ndipo taabu ikaanza. Tofali ni mita moja. Ukuta wa nusu mita utauwekaje? Kundi moja likaweka ukuta wa mita nzima, nyumba ikawa kama jela. Kundi la pili likaacha mita 0.3 za urefu zipotee na upana ukawa 3. Kundi la tatu, la binti wa Gredi ya 7 mwenye sauti kuliko wote, likaamua msana wa upana wa 9, "ili upendeze, mwalimu, watu wapate kupumua."

Ami yangu akaingia kunywa kahawa. Ni fundi wa nyumba za mawe, amejenga na kukarabati kwa zaidi ya miaka arubaini, na magoti yake sasa hayapandi ngazi. Akainama kwenye kioo cha laptopu, akatazama dari ya yule binti kwa muda mrefu.

"Chumba hichi," akasema, "boriti zake mumezikata msitu upi?"

Binti akasema ni za mgunga, maana gemu haina mikoko, na mgunga ndio mti uliokaribia mkoko kwa rangi.

"Mgunga au mkoko, nambie ni msitu upi. Mui wote wa Amu hauna boriti hini." Yaani mji mzima hauna boriti ndefu kiasi hicho.

Akawaeleza, na mimi nilikaa nikasikiliza pamoja nao. Dari ya nyumba ya mawe ni nzito: juu ya boriti kuna mawe, kokoto na chokaa. Boriti ya mkoko ikizidi mita tatu kasoro, inapinda. Kwa hiyo misana yetu yote ni mirefu na myembamba. Uende Mkomani, uende Siyu, uende Pate, vyumba ni vyembamba vivyo hivyo, kwa sababu mti ndio uliopima chumba. Mimi nimezaliwa katika nyumba hii, nimesoma hesabu mpaka chuo, na sikuwahi kujiuliza kwa nini msana ni mwembamba.

Binti hakukubali kushindwa. Akasema mbona kwenye gemu dari yake imesimama? Na kweli ilisimama, matofali 9 ya jiwe yakielea hewani. Akavunja kuta zote nne, dari ikabaki palepale kama wingu. Kijana mmoja akasema ajaribu mchanga. Mchanga ukaanguka. Kokoto zikaanguka. Jiwe likagoma. Yule binti akakunja uso, akasema: "Kumbe inajua kuanguka, ila haitaki." Nimeandika maneno hayo kwenye daftari langu la mwalimu, kwa sababu ni uhakiki wa gemu hii ulio bora kuliko wangu. Uzito haumo, isipokuwa kwa matofali machache. Mwalimu wa sayansi akiitegemea Luanti ifundishe nguvu na uzito, itamfundishia uongo.

Lakini Ami hakuwa amemaliza. Aliuliza kwa nini wanahangaika na nusu mita. Akanyoosha mkono, akaonyesha kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. "Nyumba hini haikujengwa kwa mita. Ilijengwa kwa ziraa." Shibiri mbili ni ziraa, ziraa nne ni pima. Ukuta ni ziraa moja. Msana ni ziraa 6 kwa 16.

Nikawaambia watoto wapime mikono yao. Sentimita 36, 39, 41. Mkono wa Ami, 46. Kelele zikaanza: sasa ziraa ya nani? Ami akasema ya fundi mkuu. Hukatwa ufito kwa kipimo chake, na kila mtu kazini hutumia ufito ule. Ziraa iliyozoeleka ni inchi 18, karibu sentimita 46, sawa na mkono wake. Wakachukua kalkuleta. Mara 16 ni sentimita 736. Mara 6 ni 276. Tepu ilikuwa imesema mita 7.3 na 2.7. Kulikuwa kimya kidogo, kisha wote wakageukia mashine kwa pamoja. Tofali moja litakuwa ziraa moja.

Wakabomoa kila kitu wakaanza upya, na nyumba ikakaa sawa: ukuta tofali moja, msana 6 kwa 16, mlango wa ndani kimo chake matofali 4. Pale penye zidaka wakaongeza tofali la pili nyuma ili wapate kina. Ila walipoingia ndani, mlango ukawa mkubwa kupita kiasi, na dari iko mbali kama ya msikiti. "Tumekuwa paka," akasema mdogo wao. Nikamuuliza paka wa kimo gani? Mtu katika Luanti ana kimo cha kama tofali moja na sehemu saba za kumi. Wakazidisha 1.7 kwa 46, wakapata sentimita 78. Mtoto wa mwaka mmoja hivi, anayeanza kusimama. Hapo nilisomesha uwiano na mizani ya ramani bila kufungua kitabu, na nilipofungua kitabu wiki iliyofuata, maswali waliyokuwa wakiyakimbia mwaka jana waliyafanya wakibishana nani kakosea.

Nieleze kosa moja kwa karibu, maana ndilo lililonifanya niendelee na gemu hii. Niliwauliza eneo la sakafu ya msana. 16 mara 6, matofali 96, hilo halina shida. Kwa mita za mraba? Tuseme ziraa ni nusu mita, kwa kukadiria. Kijana wa Gredi ya 8, hodari wa hesabu, akajibu bila kusita: 48. Nusu ya 96. Kosa hili nimelisahihisha kwa kalamu nyekundu miaka yote niliyosomesha, na nimelieleza ubaoni kwa michoro ya kila aina, na muhula unaofuata hurudi palepale. Safari hii sikueleza. Nikamwambia aweke sakafuni mita moja ya mraba, kwa matofali mekundu. Akaweka matofali mawili. Akatazama. Akatembea akayazunguka. "Hii si mraba," akasema. Akaongeza mawili pembeni. Yakawa manne, mawili kwa mawili. Akanyamaza, akarudi kwenye daftari, akafuta 48 akaandika 24.

Kisha binti akauliza mbona tepu inatoa 7.3 mara 2.7, ambayo ni chini kidogo ya 20, si 24. Kwa sababu ziraa si nusu mita kamili, na upungufu ule wa sentimita nne kwa kila upande unakua mtu anapozidisha. Hilo nililieleza ubaoni, na safari hii niliona wananifuata. Siku tuliyofika kwenye birika la choo (lile la zamani, ambalo wakubwa wetu walikuwa wakiweka visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu), nikauliza mita moja ya ujazo inachukua matofali mangapi. Yule kijana akasema 8 kabla sijamaliza kuuliza.

Jingine ambalo gemu hii inalifanya vizuri ni namba hasi. Ukibonyeza F5, juu ya kioo zinatokea namba tatu za mahali ulipo: X, Y na Z. Y ni kimo, na sifuri iko karibu na usawa wa bahari. Nikawapa kisima wachimbe. Wameanza kwenye 7, wanashuka, 3, 2, 1, sifuri, halafu ile alama ya kutoa inatokea mbele ya namba na mtoto anasimama kama aliyekanyaga kitu. Kutoka 7 mpaka hasi 5 umeshuka hatua ngapi? Wawili walisema 2. Nikawaambia warudi juu wakihesabu kwa sauti. Kumi na mbili. Niliwaeleza yote hayo kwa Kiswahili, na naamini hilo pia lilisaidia: shuleni hesabu wanaipata kwa Kiingereza, na mtoto anayehangaika na neno hawezi kuhangaika na namba wakati uohuo.

Hapo pia pana kasoro, na mwalimu ajihadhari nayo. Kwenye karatasi ya grafu, Y ndiyo inayopanda juu ya ukurasa. Kwenye Luanti, ramani ukiitazama kutoka juu ni X na Z, na kaskazini ni Z. Watoto wawili walinichanganyia mihimili kwenye zoezi la daftari kwa sababu hiyo. Sasa kabla ya grafu huwa nawaambia waichore dunia ya gemu kwanza, kisha tubadilishe jina la mhimili kwa mdomo, kila mmoja aseme.

Kwa vipimo, eneo, ujazo na uwiano ningeipa alama 9 kwa 10. Kwa sayansi, 3.

Sababu ya hiyo 3 si uzito peke yake. Maji ya Luanti hayaishi. Ukimwaga ndoo mbili za maji kwa namna fulani, katikati yanazaliwa mengine, na unaweza kuchota mpaka kiama. Kwa mtoto wa Amu hilo ni fundisho baya. Maji ya mji huu yanatoka kwenye visima vya matuta ya mchanga ya Shela: mvua inazama mchangani, maji matamu yanakaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi, na ukivuta kupita kiasi chumvi inapanda. Niliwaacha kwanza wachote hayo maji yasiyoisha, wakafurahi, wakajaza birika na mtaro na nusu ya mtaa. Halafu nikawaleta kwenye glasi: maji ya chumvi yenye rangi chini, matamu juu, na mrija wa soda wa kunyonyea. Kila mmoja akanyonya mpaka ladha ikabadilika. Uongo wa gemu ulinipatia somo, nakubali, lakini ilinibidi niujue mapema. Mwalimu atakayewaacha watoto na mashine akaenda kupika hatapata somo hilo.

Kuhusu Kiswahili sikuwa nimetarajia chochote. Ndani ya gemu kuna vibao na vitabu vya kuandikwa. Niliwaambia kila chumba kiwe na kibao chenye jina lake sahihi, na mlangoni kuwe na kitabu cha kumwelekeza mgeni. Nina kijana wa Gredi ya 6 ambaye insha yake haijawahi kupita mistari minne. Kitabu chake nimekinakili kama kilivyo:

"Karibu. Vua viatu kwenye daka. Usiingie moja kwa moja, piga hodi kwanza. Ukipita daka utaona kiwanda, hapo kuna jua. Msana wa kwanza ni wa wageni. Ndani usiingie mpaka uambiwe. Zidaka usiguse, matofali yake nimeyahesabu."

Ni maneno zaidi ya thelathini, na kila sentensi ina kazi. Ameandika kwa sababu kuna mtu atakayeingia na kupotea asipoandika.

Si watoto wote waliopenda. Mmoja, msichana mtulivu, alichoka wiki ya tatu na akaomba arudi kwenye kitabu. Nikamruhusu, na sasa ndiye anayeshika daftari la vipimo la kundi lake, kwa hiari. Na wale ambao jedwali la kuzidisha lilikuwa linawashinda, bado linawashinda. Gemu haizoezi 7 mara 8. Hilo bado tunaliimba jamvini kama zamani, dakika kumi kabla ya kuwasha mashine.

Mzazi mmoja, nahodha, alikuja mlangoni mwezi wa pili. "Mwalimu, mimi nimemleta mtoto asome, wewe wamchezesha gemu?" Nilimkaribisha akakaa, nikamwonyesha msana, nikamwambia mwanawe aeleze ile hesabu ya matofali manne. Mtoto alieleza vizuri. Baba akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema ataona matokeo ya mtihani. Ni haki yake. Tulikubaliana mtoto aje siku moja ya gemu na siku mbili za kitabu. Nilimweleza pia kwamba haya hayakuanza kwangu: mwaka 2012 UN-Habitat, ambao makao yao makuu yapo Nairobi, walishirikiana na watengenezaji wa Minecraft katika mradi wa Block by Block, na Kibera ilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo ambapo watu wa mtaa walichora uwanja wao kwa matofali hayo kabla ya kujengwa. Akasema Kibera ni mbali. Nami sikumshindilia.

Kwa atakayejaribu, nina machache ya kumwambia. Mwezi wa kwanza mtoto mmoja alimwaga maji ndani ya nyumba ya kundi jingine, kwa kusudi, na kulikuwa na machozi. Luanti inampa mwenye dunia uwezo wa kumnyima mchezaji haki ya kugusa kitu kwa amri moja ya kuandika. Jifunze amri hiyo kabla ya siku ya kwanza. Nakili folda ya dunia kwenye flashi kila Ijumaa. Kwenye simu gemu inafanya kazi, lakini vidole vinaziba kioo, na kwa kujenga kwa vipimo haifai. Simu yangu naitumia kutembelea tu. Na mtafute fundi. Si lazima awe ami yako. Mtaa wowote wa pwani una mzee anayejua korja ya boriti ni ngapi na kwa nini, na watoto wangu walimsikiliza yeye kuliko walivyonisikiliza mimi.

Muhula ujao wanataka kujenga Ngome ya Lamu. Ujenzi wake ulichukua kuanzia 1813 mpaka 1821, nami nimewaambia tuna wiki kumi na mbili. Wameshapima upande mmoja wa nje kwa kamba ya pima kumi. Wamekwama kwenye buruji (mnara) la mviringo, kwa sababu matofali hayana mviringo, na nimekataa kuwaambia jibu. Nimewapa kigingi na uzi.

Anayetaka programu aje na flashi iliyo tupu, baada ya alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Apige hodi kwenye daka na avue viatu.